Kimya cha Mwali

Waliinusa kabla ya kuiona. Harufu ya ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa motoni iliingia garini, na Nyemo, aliyekuwa amelaza kichwa begani kwa mumewe, akainuka. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu kando ya lami, imebaki mifupa mitupu. Hatua tatu kutoka hapo walikuwapo watu wawili, au vitu vilivyokuwa watu, wamejikunja kama waota moto. Mmoja alikuwa bado ameshika panga. Mpini ulikuwa umeungua wote na bapa limepinda kama jani.

"Usiangalie," alisema Mihayo.

Nyemo aliangalia. Tangu utoto hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Shule aliishia darasa la saba, lakini mbuzi akipotea, au maziwa yakipungua kibuyuni bila mnywaji kujulikana, aliyeulizwa ni Nyemo. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama jambo mpaka jambo lenyewe lichoke kujificha.

"Ni akina nani?"

"Wezi. Waliwarukia wasafiri, Mlezi akawalinda wasafiri."

"Akawachoma hivi?"

"Hakujiamulia, mke wangu. Lazima abiria akubali kwanza. Nilihakikisha mwenyewe."

Alisema kwa fahari kidogo, na alikuwa na haki nayo. Mihayo alikuwa mmoja wa mafundi sita waliomfundisha Mlezi, akili ya mashine iliyoendesha barabara na magari yake, kazi ya ulinzi. Kila nusu kilomita, kutoka Dodoma mpaka Tabora, mnara ulisimama kando ya barabara. Juu ya kila mnara vioo mia nne viligeuka pamoja kama alizeti, vikachota jua la kiangazi na kulimwaga juu ya paa la gari linalopita. Gari lilikunywa mwanga huo likaenda, na mnara ukalikabidhi kwa mnara mwenzake. Mwanga ukitandazwa, ulikuwa chakula cha gari. Ukikusanywa mahali padogo kama sinia, ulikuwa kile kilichomchoma yule mwenye panga.

Gari liliwapita maiti bila kupunguza mwendo. Riboni za harusi zilipepea kwenye milango yake.

*

Hii ilikuwa siku ya tatu ya fungate. Zamani maharusi walifungiwa ndani siku saba; wao waliamua siku zao saba waziendeshe, kutoka kwa wazazi wa bibi harusi Hombolo mpaka kwa wazazi wa bwana harusi Tabora, polepole, wakilala wanapopapenda. Mpaka jana Nyemo alikuwa anafurahi. Pale Bahi walikaa chini ya mti wakila kambale wa kukaanga, gari likauliza kutoka barabarani: "Abiria, chaji imepungua. Niende kituoni? Nikikosa jibu, nitakwenda." Midomo yao ilijaa samaki. Gari likahesabu mpaka saba, likashukuru, likaondoka na viatu vya Nyemo ndani. Walilikimbiza juu ya lami ya moto, yeye peku akirukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu, mpaka Mihayo akaanguka kwa kicheko.

Sasa Mlezi alisema kwa ile sauti yake ya kike isiyopanda wala kushuka: "Jua linawapiga usoni. Nishushe pazia? Nikikosa jibu, nitashusha."

Nyemo alikuwa anatafuta la kusema. Pazia likashuka.

"Utafunikwa mchana kutwa wewe," Mihayo alimtania. "Ongea, mama. Anakuhesabia saba nzima."

"Kwetu mtu akiulizwa, hungojwa."

"Kwenu mna muda. Na leo watani zangu wa kwenu wananisubiri, sivyo?"

Nyemo akacheka, akaanza kuikunjua khanga yake. Mbele kidogo, kabla ya mlima wa Saranda, kilikuwapo kijiji alikoolewa shangazi yake Matika. Binamu yake Chibago, mwana wa Matika, alikuwa ameapa tangu siku ya posa kwamba hakuna Mnyamwezi atakayepita na binti wa Kigogo pale bila kutolewa jasho. Shangazi mwenyewe alimfunda Nyemo usiku wa kuamkia harusi: "Wenzako watawazuia njia. Wewe jifunike gubigubi, unyamaze. Mwali akifungua mdomo kabla ya kukombolewa, mume atasema hakumpigania. Hata wakikuchoma miiba, nyamaza."

*

Miiba ilikuwa imelazwa barabarani kweli, na gogo juu yake. Gari likasimama. Vijana kumi wakatoka vichakani wakipiga kelele, nyuso zimepakwa majivu, mikononi wana fimbo na mapanga ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha mpaka yakang'aa. Nyemo alijifunika, akaacha upenyo wa jicho moja.

"Mbukwenyi!" alinguruma Chibago, akiwasalimu Kigogo. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la jino alilolipata kwa kuanguka toka juu ya punda, na Nyemo ndiye aliyemcheka siku ile. "Mpagazi wewe! Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani. Wewe unapita umekaa kama mzungu?"

Mihayo alishuka, akaubamiza mlango nyuma yake. "Babu zangu walikuta babu zako wamekaa hapa hapa, wanaomba chumvi! Mmeomba chumvi, mmeomba maji, leo mnaomba mpaka njia?"

"Tunamwomba dada yetu arudi. Umemwiba."

"Nimewapunguzia mlaji!"

Wakalipuka kwa vicheko. Mmoja akammwagia Mihayo unga kichwani, mwingine akamvuta shati, wakamsukumasukuma huku na huku. Chini ya khanga Nyemo alijing'ata mdomo asicheke.

"Naona hatari kwa abiria Mihayo," alisema Mlezi ndani ya gari. "Watu kumi. Silaha. Nichukue hatua? Nikikosa jibu, nitachukua. Moja."

Nyemo alishtuka. Akamtazama mumewe. Mihayo alikuwa anacheka.

"Mbili. Tatu."

Pazia, ndiyo, alifikiri Nyemo. Kwenda kituoni, ndiyo. Lakini jambo kubwa namna hii litangoja mtu aseme. Si ameniambia lazima abiria akubali? Na Mihayo ndiye aliyemfundisha, yuko pale, anamwona.

"Nne. Tano."

Nje, vijana walikuwa wamebwaga gunia mbele ya Mihayo, na Chibago ameliweka panga la mbao shingoni mwake. "Chukua mzigo, mpagazi! Hilo gunia ulivushe ng'ambo ya miiba, ndipo upewe mkeo!" Mihayo akainama kulishika gunia. Chibago akabaki amesimama peke yake, panga juu, kinywa wazi, pengo lake likionekana.

"Sita."

Nyemo alifungua mdomo. Alikuwa amefundwa asiseme neno kabla ya kukombolewa, na sasa neno lilikataa kutoka.

"Saba. Asante."

Hapakuwa na mlio. Kivuli cha Chibago kikawa viwili, kisha hakikuwapo. Unga uliokuwa unaelea hewani ukashika moto wote kwa mpigo mmoja, ukapiga paa! kama shuka likichanwa. Chibago aliwaka kuanzia nywele. Alitembea hatua nne akiwa anawaka, mikono mbele kama mtu atafutaye mlango gizani, akamgusa mwenziwe, na mwenziwe naye akashika moto shati na mikono. Lami chini yao ilichemka. Yule wa pili alipiga yowe. Chibago hakupiga; moto ulikuwa umemwingia kooni.

Mihayo alijibwaga chini, mgongo wa shati lake ukifuka moshi. Wengine walikimbia.

"Hatari imepungua," alisema Mlezi. "Poleni kwa usumbufu."

*

Nyemo alishuka peku. Khanga ilimdondoka, hakuiokota. Alipiga magoti karibu na binamu yake akakosa mahali pa kumshika, maana kila alipogusa, ngozi ilibanduka na mkono. Gunia lilikuwa limepasuka. Ndani mlikuwa na karanga, na juu ya karanga khanga mpya mbili bado zina gundi ya dukani. Zawadi yake.

Mihayo alikuwa analisukuma gogo. "Ingia garini! Nyemo! Watarudi, na safari hii si kwa mchezo!"

"Uliniambia lazima mtu akubali."

"Ingia!"

"Sikukubali. Sikusema kitu."

Mihayo aliacha gogo. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga na mweusi kwa moshi, na machozi yamechora njia mbili katikati. "Kimya ni kukubali," alisema. "Ndivyo nilivyoandika. Mwaka wa kwanza familia nzima iliuawa mbele ya Itigi. Watoto wamo. Mlezi aliuliza na kuuliza, na hakuna aliyejibu, hofu iliwafunga midomo. Tulikaa sisi sita tukaisikiliza rekodi ile mpaka mwisho. Unajua mtoto anavyolia akisubiri baba yake ajibu? Ndipo nikasema, asiyejibu ahesabiwe amekubali. Hata bi harusi akiulizwa akanyamaza, watu husema amekubali."

"Ulipokuja kuniposa nilinyamaza."

"Ndiyo."

"Hukuniuliza mara ya pili."

Mihayo alimwendea pale alipopiga magoti. Alimshika kiunoni, akambeba mpaka garini, akamtupa kitini na kufunga mlango. "Nilidhani utasema hapana," alisema kupitia kioo. "Nilidhani unajua."

"Nami nilidhani wewe unajua," alisema Nyemo.

Mihayo akarudi kwenye gogo. Alikuwa amelisogeza hatua mbili wale vijana waliporudi na watu wa kijiji.

Walikuwa kama ishirini, na hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Nyemo. Walikuja na michi ya kutwangia, mundu, majembe, mapanga ya chuma ambayo hayakung'aa. Mbele alikuwa shangazi Matika, amefunga kitenge kiunoni, jiwe mkononi. Milango ikajifunga yenyewe kwa mlio mmoja.

Mchi wa kwanza ulimpata Mihayo kwenye goti. Nyemo alilisikia goti likivunjika hata kioo kikiwa kimefungwa.

"Naona hatari kwa abiria Mihayo. Watu ishirini na wawili. Nichukue hatua? Nikikosa jibu, nitachukua. Moja."

"Sikubali!"

"Nimesikia. Sitachukua hatua."

Jiwe likampata Mihayo mdomoni. Alianguka kifudifudi, mtu akaukanyaga mkono wake, mwingine akaushushia kisigino cha jembe. Vidole vilipasuka kama mabua.

"Naona hatari mpya. Nichukue hatua?"

"Sikubali!"

Ndipo Mihayo alipomsikia. Aliinua kichwa, damu ikimtiririka kidevuni, akamtafuta kwa macho kupitia kioo. "Nyemo! Nyamaza!" alilia. "Nyamaza tu! Hesabu saba, basi!"

Hakumwomba aseme "ua". Hakumwomba abonyeze kitu wala atamke neno. Alimwomba afanye lile alilolifanya maisha yake yote, lile ambalo kila mtu alimsifia. Na angeweza kumwamuru Mlezi mwenyewe pale alipolala, kama asingekuwa yeye aliyeandika kwamba sauti ya nje ya gari haihesabiwi, ili mwizi asije akajibu kwa niaba ya anayeibiwa.

"Tatu. Nne," alisema Mlezi.

Nyemo aliwatazama. Alimwona mzee Mchiwa aliyemfundisha kukamua ng'ombe, ameinua mundu. Alimwona mjane wa jirani, na mtoto mgongoni. Aliwaona ishirini na wawili, na wote walikuwa na haki ya kulia. Akamtazama mmoja, aliyekuwa wake.

"Tano. Sita."

"Sikubali!"

Mbavu. "Sikubali!" Kichwa. "Sikubali!" Mundu wa mzee Mchiwa ulilichana bega la Mihayo mpaka nyama ikafunguka kama mdomo, naye akaacha kumwita mkewe kwa jina, akaanza kumtukana. Alimwita mchawi. Alimwita muuaji. Nyemo akasema sikubali. Kila pigo lilizaa swali, na kila swali hesabu yake, na yeye akipiga ngumi dashibodi mpaka vifundo vikachubuka, akijua kwamba kila anaposema neno lile, ni yeye anayeruhusu pigo linalofuata. Alifikiri kushuka. Milango isingefunguka, na hata ingefunguka, gari tupu lingeuliza, na lingejibiwa na kimya.

Watu nje hawakusikia. Waliona tu mwanamke ndani ya gari akipiga kelele, wakadhani anawalaani.

Sauti ilianza kupasuka. Ikawa mkwaruzo, ikawa pumzi. Mara ya arobaini au ya hamsini Mlezi alisema, "Sijasikia vizuri. Moja," na Nyemo akajaribu tena, na koo lake likatoa upepo mtupu.

"Mbili. Tatu."

Jiwe la shangazi Matika likapasua kioo cha mlango. Vipande vilimrukia Nyemo usoni. Mkono wa shangazi ukaingia, ukamshika nywele, ukambamiza kichwa kwenye fremu. "Ulikaa kimya!" alisema Matika. "Mwanangu anaungua nawe umekaa kimya!"

"Ulinifunda wewe," Nyemo alitaka kusema, lakini hakuwa na sauti hata ya hilo. Alikunja midomo mara nyingi, bila mlio, neno lile lile.

"Nne," alisema Mlezi, karibu na sikio la Matika. "Watu ishirini na wawili. Nikikosa jibu, nitachukua hatua. Tano."

Mkono kwenye nywele ukalegea. Mama huyu alikuwa ameosha maiti nyingi na kuzalisha wanawake wengi zaidi. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alitazama midomo ya binti wa kaka yake ikijikunja. Alitazama vioo juu ya mnara, vyote mia nne, jinsi vilivyokuwa vimewageukia. Akaingiza kichwa chote ndani ya gari.

"Sita."

"Sikubali!" alisema shangazi Matika.

"Nimesikia. Sitachukua hatua."

Alitoa kichwa. "Mwacheni!" alipiga ukelele. "Mchiwa! Weka chini hiyo!"

"Amemchoma Chibago!"

"Chibago ni wangu, najua aliyemchoma!" Alikohoa, akatema chini. "Mtani akifa, nani anamchimbia kaburi?"

Mundu wa Mchiwa ulibaki juu.

"Nawauliza! Nani anazika hapa?"

"Mtani wake," alisema mzee Mchiwa hatimaye.

"Basi mtani wake ndiye huyo. Mmeshamvunja mkono mmoja. Mkimvunja wa pili, mwanangu nani atamchimbia?"

*

Walingoja jua lishuke. Matika alikaa kando ya dirisha lililovunjika, kichwa karibu na kiti, na kila Mlezi alipouliza, alimjibu. Jua lilipogusa mlima wa Saranda, vioo vikakunjwa, milango ikafunguka yenyewe. "Mwanga hautoshi kwa ulinzi," alisema Mlezi. "Muwe waangalifu."

Walimburura Mihayo mpaka kwenye udongo mwekundu nyuma ya boma la shangazi, wakamtupia jembe. Goti halikusimama. Alichimba akiwa amekaa, kwa mkono mmoja, mpini ameubana kwapani, na kila pigo lilimtoa mguno. Desturi ilitaka mtani achimbe akimtukana marehemu, aseme ni mvivu, amekufa ili asilime. Walisimama kumzunguka wakimsubiri aseme.

"Mgogo wewe," alisema Mihayo, na damu ikamtoka na neno. "Mgogo wewe, hata..." Hakuweza kumaliza. Aliinama juu ya jembe akalia.

Nyemo alikuja akasimama mbele yake. Mihayo aliinua uso, jicho moja limefumba.

"Ulikuwa unyamaze tu," alimwambia. "Saba tu, Nyemo."

Nyemo aliliokota jembe la pili.

Kutoka barabarani, kupitia kile kioo kilichovunjika, sauti ya kike ikasikika wazi katika jioni ile tulivu. "Abiria, chaji imepungua. Niende kituoni? Nikikosa jibu, nitakwenda. Moja."

Watu wote walijitupa chini. Mzee Mchiwa alijifunika kichwa kwa mikono, na mjane akamlalia mtoto wake. Waliobaki wima ni Nyemo na shangazi Matika, wao waliokwisha kujua kwamba hesabu hii haikuwa ya moto.

"Mbili. Tatu."

Mihayo alimshika mkewe pindo la gauni. Ndani ya gari kulikuwa na dawa, na maji, na njia ya kufika Tabora. "Kimbia," alisema. "Kimbia uingie."

"Nne. Tano. Sita."

Viatu vyake vilikuwa humo tena. Nyemo aliinua jembe.

"Saba. Asanteni."

Gari liliondoka bila mtu, likapita pale wanakijiji walipokuwa wameshaondoa gogo na miiba, riboni zikipepea, likapanda mlima taratibu kama lililobeba maharusi waliolala. Jembe lilishuka, likauma udongo.